"Ndio Mzee": Mwenye Kosa ni Msemaji au Mwitikiaji?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Moshi. Tunayachapa kama yalivyotolewa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa na siasa. Mada hiyo ni pana, na mtu akiiingia bila mpaka hupotea na kuwapoteza wanaomsikiliza. Kwa hiyo nimejikatia kipande kidogo. Nitasema juu ya albamu moja ya muziki wa kufokafoka, na hasa juu ya wimbo mmoja uliomo, na juu ya maoni ambayo wasikilizaji wamekuwa wakiyatoa tangu albamu hiyo ilipotoka mwaka 2001 hadi leo. Albamu ni "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay. Wimbo ni "Ndio Mzee". Naamini hakuna mtu humu ukumbini asiyeujua, na wengi wenu mnaufundisha bila kujua kila mnapomwambia mwanafunzi aache kuitikia kama kasuku.

Nitawaomba radhi mapema kwa jambo moja. Wapo watakaoshangaa kwamba mwandishi wa gazeti la Chama ameuchagua wimbo unaomcheka mwanasiasa. Kwa maoni yangu, mwandishi wa Chama ndiye anayepaswa kuuchagua. Daktari hakimbii homa, huipima. Nami nakusudia kuonyesha kwamba wasikilizaji wengi wa wimbo huu, pamoja na wakubwa wetu wanaoununia na vijana wetu wanaoushangilia, wamemtazama mshitakiwa mmoja tu, hali mshitakiwa wa pili amekaa kimya nyuma ya umati. Huyo wa pili, ndugu zangu, anatuhusu sana sisi tuliomo humu.

Kwanza tukumbuke jinsi muziki huu ulivyoingia nchini. Mnamo 1991 kijana Saleh J alibandika maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, na watu wazima wengi wakauona kuwa mchezo wa watoto wa mjini. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango, Radio One ikaanza mwaka 1994, na nyingine zikafuata. Vijana wakapata mahali pa kusikika. Katika vijana hao lilikuwamo kundi la Hard Blasters, na ndani ya kundi hilo alikuwamo Joseph Haule, ambaye baadaye alijiita Professor Jay. Aliposimama peke yake na kutoa "Machozi, Jasho na Damu", muziki wa kufokafoka ulikuwa umekwisha kuacha kuiga sauti ya Marekani. Ulikuwa unazungumza Kiswahili cha watu wetu, na ulizungumza juu ya mambo ya watu wetu.

Jina la albamu lenyewe lina mafunzo. Mwezi Mei 1940, Uingereza ilipokuwa katika hatari kubwa ya vita, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaambia wabunge wa nchi yake kwamba hana cha kuwapa ila damu, taabu, machozi na jasho. Mimi si mshabiki wa Churchill. Alikuwa mtetezi mkubwa wa ukoloni, na Waafrika hatuna deni kwake. Lakini angalieni tofauti. Yule aliahidi taabu, na taifa lake likamfuata. Mwanasiasa wa wimbo wa "Ndio Mzee" anaahidi kila kitu kasoro taabu. Katika albamu yenye jina la machozi, jasho na damu, wimbo uliojulikana kuliko yote ni ule wa mtu anayeahidi kwamba hapatakuwa na machozi, wala jasho, wala damu. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati.

Wimbo umejengwa kama mkutano wa hadhara. Mgombea yuko jukwaani, wananchi wako chini. Mgombea anatoa ahadi, na kila ahadi inapanda juu ya ile iliyotangulia, kama mtu anayepandisha bei mnadani. Anaanza na mambo ambayo mtu angeweza kuyasadiki, akafika hata kwenye ahadi ya kuwapeleka wanafunzi mwezini kwa masomo yao ya sayansi. Na kila anapotua ili avute pumzi, umati unaitikia kwa sauti moja neno lile lile lililoupa wimbo jina. Hakuna anayeuliza swali. Hakuna anayekohoa. Hata mwezi unapotajwa, jibu ni lile lile.

Ili tuelewe kwa nini wimbo huu uliwagusa watu wa mkoa huu, lazima tukumbuke miaka ile. Wakulima wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo wanajua mwaka 2001 ulikuwa mwaka gani kwa kahawa. Wastani wa bei ya dunia unaokokotolewa na Shirika la Kahawa la Kimataifa ulishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili moja, ukabaki chini hivyo hivyo mwaka 2002. Mnada wa kahawa unafanyika hapa hapa Moshi, kwa hiyo habari mbaya haikuhitaji kusafiri mbali. Wapo waliong'oa mibuni iliyopandwa na babu zao, wakapanda mahindi na nyanya. Wapo vijana walioshuka mlimani wakaenda Dar es Salaam kuuza mitumba, wakaacha wazee na migomba. Katika hali hiyo, mtu aliyesimama jukwaani na kusema kwamba kila kitu kitakuwa tele alisikika kwa masikio ya namna mbili: sikio moja lilitaka kusadiki, la pili lilitaka kucheka. Wimbo uliyapata masikio yote mawili.

Sasa nije kwenye maoni ya wasikilizaji. Nimeyasikia kwa miaka mingi, katika daladala, vinyozini, vilabuni na katika vyumba vya walimu, nami nayagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza husema: huu ni uhuni. Hawa ni watu wa heshima, wengi wao ni wazee. Hoja yao ni kwamba kijana hana ruhusa ya kumcheka mkubwa hadharani, na kwamba muziki wenye kelele hauwezi kubeba busara. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba dhihaka haikuletwa nchini na Wamarekani. Katika makabila yetu mengi watani walikuwa na ruhusa ya kumwambia mkubwa ukweli mchungu mbele ya watu, hata msibani, na mkubwa aliyekasirika ndiye aliyeonekana mpungufu. Kama mtani alikuwa na kazi katika kijiji, kwa nini asiwe na kazi katika taifa?

Fungu la pili husema: safi sana, wanasiasa wamepatikana! Hili ndilo fungu kubwa kuliko yote, nalo linawajumuisha vijana karibu wote, na watumishi wa umma wengi wakiwa nyumbani baada ya saa za kazi. Hawa huusikiliza wimbo kama mtu anayeangalia mchezo wa mpira: anashangilia goli lililofungwa na mwingine. Hucheka, hupiga makofi, kisha kesho yake huenda kazini kama kwamba wimbo ulihusu nchi ya mbali. Nitarudi kwao baadaye, kwa sababu kwao ndiko kwenye ugonjwa.

Fungu la tatu limo ndani ya Chama changu, na nalieleza bila kuficha. Hawa husema kwamba Professor Jay aligombea ubunge kwa tiketi ya CHADEMA, akawa Mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, na kwa hiyo wimbo wake ulikuwa silaha ya upinzani tangu mwanzo. Hoja hii haisimami. Wimbo ulitoka miaka 14 kabla mtunzi hajaingia bungeni. Mwongo anayeelezwa humo anaweza kuvaa sare ya chama chochote, nami nina hakika kwamba kila jukwaa la siasa katika nchi hii limewahi kumbeba. Tena, kama ukweli unakuwa uwongo kwa sababu tu aliyeusema alihamia upande mwingine, basi hatuna kipimo cha ukweli tena. Tuna kadi za uanachama tu.

Ndugu zangu, mafungu haya matatu yanapingana katika mambo mengi, lakini yanakubaliana katika jambo moja: yote yanaamini kwamba wimbo ni juu ya mtu aliye jukwaani. Mimi nasema hesabuni sauti. Mgombea ni mmoja. Wanaoitikia ni umati mzima. Jina la wimbo halikutoka kinywani mwa mgombea. Limetoka kinywani mwa wasikilizaji wake. Mtunzi angeweza kuuita wimbo huo "Ahadi" au "Mheshimiwa". Hakufanya hivyo. Aliuita kwa jina la jibu. Uwongo wa mgombea una nguvu kwa sababu kuna watu wanaoupokea, na kila jibu linampa ruhusa ya kupanda daraja moja juu. Asingefika mwezini kama angeulizwa swali alipokuwa bado ardhini.

Na sisi tuliomo humu ni waitikiaji kwa kazi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Mkulima anaweza kuitikia mkutanoni kwa muda wa saa moja, kisha akarudi kihambani kwake. Mtumishi wa umma huitikia kwa kalamu, kwa mhuri na kwa nakala tatu, na jibu lake huwekwa katika jalada na kuwa msingi wa uamuzi wa mwaka unaofuata. Mkubwa akiuliza kama zahanati ina dawa, jibu la mwananchi ni neno tu, lakini jibu la mtumishi ni taarifa. Akiandika kwamba hali inaridhisha wakati kabati ni tupu, basi fedha itakwenda kwingine, na mama atakayefika usiku na mtoto mwenye degedege hatakuta kitu. Hapo neno lile la wimbo halichekeshi tena.

Walimu nao wanajua. Shule za sekondari za kata ziliongezeka kwa kasi kubwa katika miaka ya 2000, na hilo lilikuwa jambo jema. Watoto ambao baba zao waliishia darasa la saba walipata dawati. Lakini madawati yalitangulia, na walimu, vitabu na maabara vikafuata nyuma vikichechemea. Kila mwalimu aliyekuwa darasani alijua. Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Taifa lilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Mimi najiuliza: katika safari yote ile ya taarifa, kutoka chumba cha walimu hadi wizarani, ni mara ngapi neno "inaridhisha" liliandikwa na mkono uliojua kwamba hairidhishi? Mtihani haukuleta ugonjwa mpya. Uliondoa tu shuka lililomfunika mgonjwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila anayemwitikia mkubwa wake ni mwoga au mnafiki. Katika Kiswahili chetu "ndiyo, mzee" ni neno la adabu, na adabu ni mali. Kazi ya umma haiwezi kwenda bila utii. Karani akibishana na kila barua hakuna barua itakayotoka. Tofauti ninayoitafuta ni kati ya heshima na hofu. Mtu mwenye heshima humwambia mkubwa wake ukweli kwa sauti ya upole, kwa sababu hataki mkubwa huyo aumbuke mbele ya watu. Mwenye hofu humwacha aumbuke, mradi yeye amesalimika. Kwa hiyo mwitikiaji wa kila jambo, pamoja na kuinama kwake kote, hamheshimu mkubwa wake hata kidogo.

Watu wa mlima huu wana mfano wa jambo hilo tangu enzi za mababu. Mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani, ambayo kwa Kichagga huitwa mifongo, ilichimbwa na kutunzwa kwa jasho la ukoo na majirani. Kwa desturi, wenye kuyatumia maji walitoka pamoja kusafisha mfereji na kuziba palipobomoka. Sasa fikirini mtu aliyetumwa kuukagua mfereji, akarudi na kumwambia mzee wa mfereji kwamba ni mzima, hali ameona ufa. Angeweza kumfurahisha mzee jioni hiyo, na mbege ikanywewa. Lakini asubuhi maji yasingefika. Maji hayana adabu ya uwongo. Bajeti nayo ni mfereji, na taarifa zetu ndizo ukaguzi wake.

Wala historia ya hapa si historia ya watu waliozoea kuitikia tu. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, serikali ya kikoloni ikakigeuza kuwa KNCU mwaka 1933, na mwaka 1937 wakulima wengi walipoona kwamba wanalazimishwa kuuza kwa njia moja tu na hawasikilizwi, ghasia zikazuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wachagga walimchagua Mangi Mkuu Thomas Marealle kwa shangwe kubwa. Mwaka 1960, kwa kura vile vile, wakaamua kwamba wanamtaka rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na Solomon Eliufoo, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu, akashika nafasi hiyo. Linganisheni miaka hiyo miwili. Mwaka 1937 hapakuwa na njia ya kusema hapana, hapana ikatoka kwa mawe. Mwaka 1960 njia ilikuwapo, ikatoka kwa karatasi. Watu hawaachi kusema hapana kwa sababu viongozi hawataki kuisikia. Hutafuta tu mlango mwingine wa kuitolea.

Chama changu kinapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Jimbo la Moshi Mjini lilikuwa mikononi mwa upinzani tangu uchaguzi wa 1995 hadi ule wa 2020, yaani miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku ya uchaguzi ule wa kwanza alikuwa amekwisha kupiga kura zake kabla jimbo halijarudi. Nje ya mipaka yetu somo ni kali zaidi. Mwaka 2002 vijana wawili wa Kenya, Gidi Gidi Maji Maji, walitoa wimbo "Unbwogable", ukawa wimbo wa kampeni ya NARC, na mwezi Desemba mwaka huo KANU iliondoka madarakani baada ya karibu miaka 40. Sisemi kwamba wimbo uliiangusha KANU. Wimbo hauna kura. Lakini wimbo ulikuwa unapigwa kila mahali kwa miezi kadhaa, na aliyekuwa na masikio angeweza kuusikia. Sijui ni wangapi katika ofisi za wakubwa walioandika taarifa kwamba hali inaridhisha.

Wala kusikiliza lawama si mafundisho mapya tunayoyaazima kwa wafadhili. Mwalimu Nyerere aliandika "Tujisahihishe" mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi, akaonya juu ya viongozi na wanachama wanaokwepa kukosoana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika fungu lake la 15, ulikataza majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Na kila mwanachama huahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haina kifungu kinachosema kwamba kweli isemwe inapopendeza tu. Ninyi watumishi ambao si wanachama hamkula kiapo hicho, lakini mnalipwa mshahara na kodi ya mtu anayeihitaji kweli hiyo.

Nitoe mfano wa karibu zaidi, unaohusu wimbo mwingine. Mwezi Machi 2017, msanii Nay wa Mitego alitoa wimbo uitwao "Wapo", wenye maneno makali juu ya watawala. Tarehe 26 alikamatwa na polisi mkoani Morogoro, na wimbo wake ukapigwa marufuku. Siku iliyofuata Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameusikia wimbo, ameupenda, ameagiza msanii aachiliwe na wimbo uendelee kupigwa, na tena ameshauri yaongezwe maovu mengine kama ukwepaji wa kodi. Watu wengi walimsifu Rais, na mimi pia. Lakini mtumishi wa umma auangalie mfano huo kwa jicho la pili. Wimbo wa Jumapili ulikuwa ule ule wa Jumatatu. Halikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni taarifa juu ya kile mkubwa anachokipenda. Ina maana kwamba wale waliouzuia hawakuupima kwa sheria wala kwa akili zao. Waliupima kwa kukisia uso wa mkubwa, wakakisia vibaya. Huko ndiko kuitikia kabla ya kuulizwa, nako ni kubaya kuliko kule kwa wimboni, kwa sababu umati wa wimboni angalau ulisubiri mgombea aseme.

Sasa mtaniuliza: je, kila wimbo unaolaumu ni wa haki? La hasha. Mwaka 2018 ilitoka orodha ya nyimbo zilizozuiwa kupigwa redioni kwa sababu za maadili, na mzazi yeyote anajua kwamba si kila kinachotoka kipaza sautini kinafaa masikio ya mtoto. Vile vile kuna nyimbo zinazotukana mtu kwa jina lake, kwa kabila lake au kwa dini yake, na hizo si lawama bali ni fitina. Kipimo changu ni rahisi. Lawama hutaja kitendo, na mtendaji akijirekebisha lawama hufa. Tusi hutaja mtu, na hata akijirekebisha tusi hubaki. "Ndio Mzee" hutaja kitendo. Vijana wa Tanga, Wagosi wa Kaya, waliimba "Wauguzi" juu ya lugha mbaya anayokutana nayo mgonjwa hospitalini, nao walitaja kitendo. Wauguzi wengi waliudhika, na nawaelewa, kwa kuwa muuguzi mmoja mwenye wodi ya wagonjwa hamsini ana sababu za kuchoka ambazo hazikuimbwa. Lakini tiba ya wimbo ule ilikuwa rahisi: kauli njema.

Wala sisemi kwamba "Machozi, Jasho na Damu" haina upungufu. Umati wa wimbo ule ni mjinga mno. Watu wetu mara nyingi huitikia huku wakijua. Hupokea fulana na kofia, hupiga makofi, kisha hufanya uamuzi wao faraghani. Na mtunzi, baada ya kutuonyesha maradhi, hakutuonyesha dawa. Baadaye alitoa wimbo mwingine uitwao "Siyo Mzee", ambamo wananchi wanageuka. Wasikilizaji wengi waliufurahia. Mimi naona kwamba kutoka "ndiyo" hadi "siyo" ni hatua fupi kuliko inavyoonekana. Anayekataa kila kitu hafikiri zaidi ya anayekubali kila kitu; amebadilisha neno tu. Taifa haliwezi kujengwa na waitikiaji, na haliwezi kujengwa na wakataaji.

Kati ya maneno hayo mawili lipo la tatu, nalo ndilo nililokuja kuliombea hapa leo: "Kwa vipi, mzee?" Ni neno lenye adabu yote ya lile la kwanza, na lina nguvu kuliko la pili. Mgombea anasema kila kijiji kitapata maji. Kwa vipi, mzee? Kutoka chanzo kipi, kwa fedha ya fungu gani, na pampu ikiharibika fundi atatoka wapi? Kiongozi mkweli hufurahi kuulizwa hivyo, kwa sababu ana jibu, na swali linampa nafasi ya kulitoa. Mwongo hukasirika. Kwa hiyo swali hilo moja hutenganisha mpunga na makapi bila kumtukana mtu.

Walimu, mnaweza kulianza kesho. Chukueni wimbo huu katika somo la fasihi. Msiwaulize wanafunzi tu kama mgombea ni mwongo. Hilo mtoto wa darasa la nne analiona. Waulizeni ni katika ahadi ipi umati ungepaswa kuinua mkono, na swali gani lingeulizwa, na kwa maneno gani ya heshima. Mwanafunzi anayejifunza kumuuliza mwalimu wake swali gumu bila kumvunjia heshima, na bila kuchapwa kwa kuuliza, amejifunza uraia kuliko anayekariri majina ya mihimili mitatu ya dola. Na mwalimu anayechukia maswali darasani asishangae kijiji kikikosa mtu wa kuuliza mapato na matumizi.

Watumishi wa maofisini, kazi yenu ni ngumu zaidi, na siwezi kuwadanganya kwamba haina hatari. Kuna wakubwa wasiotaka kusikia. Lakini zipo njia ambazo mtumishi mwangalifu anazijua. Taarifa iwe na tarakimu badala ya sifa: andika idadi ya vitanda na idadi ya wagonjwa, na usiandike "inaridhisha". Tarakimu ni vigumu kuigombeza. Palipo na upungufu, utaje pamoja na pendekezo, ili mkubwa aone kwamba hukuja kumshitaki. Na agizo lisilotekelezeka lijibiwe mapema kwa maandishi ya heshima, kabla halijageuka aibu ya wote wawili. Hiyo ndiyo ahadi ya kusema kweli ilivyo katika maisha ya kila siku: haina ngoma wala bendera, ina karatasi tu na saini yako chini yake.

Nasi waandishi wa magazeti ya Chama hatuna ruhusa ya kujitoa. Gazeti linaloandika kwamba mkutano ulifana, bila kusema wananchi waliuliza nini, nalo limeitikia. Msomaji ana haki ya kutuuliza swali lile lile analomuuliza mgombea, nasi hatuna budi kuwa na jibu.

Ndugu Mwenyekiti, nimezungumza vya kutosha, na naona mikono imeanza kuinuka. Nafurahi sana. Naomba maswali yaje kabla ya makofi.